Sampuli nilizozitupa, na nafasi ya uzamivu niliyoipata

"Ulitupa sampuli ngapi, na kwa nini?"

Niliulizwa swali hilo Novemba 2020, katika usaili wangu wa kwanza wa nafasi ya uzamivu. Nilikuwa chumbani kwa mama, Muheza, mkoani Tanga, Tanzania. Kompyuta mpakato ilikuwa juu ya meza ya cherehani, na simu pembeni ilikuwa inagawa intaneti kwa sababu umeme ulikatika tangu asubuhi. Upande wa pili walikuwapo wanasayansi wanne wa kundi moja la biolojia ya kikompyuta huko Ulaya. Utafiti wangu wa uzamili nilikuwa nimeueleza bila kukwama: nilivyoipokea data ya DNA ya vimelea vya malaria vya wagonjwa wa wilaya yetu, nilivyoisafisha, nilivyoichambua. Mmoja wao, mama wa makamo aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akaomba nirudi kwenye slaidi ya tatu, halafu akauliza hilo.

Idadi sikuijua. Nilijua tu kwamba ni zaidi ya nusu. Sababu niliyompa ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa jibu: skripti niliyopewa, yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate, ilikuwa na mstari unaoondoa kila sampuli yenye Fws (kipimo nitakachokieleza hapo chini) chini ya 0.95, nami niliuacha kama nilivyoukuta. Akauliza kwa upole, "Na kwa nini 0.95?" Nikasema ndivyo watu wanavyofanya. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akanishukuru. Haikupita wiki mbili ikaja barua pepe ya kunikatalia, fupi na ya heshima.

Vijana wa maabara za nyumbani huniandikia mara kwa mara wakitaka kujua namna ya kuomba nafasi ya uzamivu katika fani hii. Wengi huuliza barua ya maombi iandikweje, wasifu uwe na kurasa ngapi, alama zao zinatosha au hazitoshi. Nitayagusa yote hayo, lakini ninachotaka hasa kuwaeleza kimo ndani ya ule mstari mmoja wa skripti.

Mimi nilisomea sayansi ya maabara ya tiba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kituo cha utafiti wa malaria: kuchoma vidole vya watoto, kupaka tone nene na utando mwembamba kwenye slaidi, kutia rangi ya Giemsa, kisha kukaa kwenye darubini na kuhesabu vimelea kwa kila seli nyeupe 200 za damu. Matone mengine tuliyadondosha kwenye karatasi ya chujio, tukayakausha, tukayafunga kwenye vifuko vyenye chembechembe za kunyonya unyevu. Karatasi zile zilisafirishwa kwenda nje. Baada ya mwaka mmoja na zaidi zilirudi zikiwa mafaili ndani ya diski, na kituoni hapakuwa na mtu wa kuyafungua. Diski ilikaa kabatini. Iliniuma kuiona pale, kwa sababu vidole vile niliwahi kuvishika mimi.

Mwaka 2018 nikapata nafasi kwenye mafunzo ya utangulizi ya H3ABioNet, mtandao wa Afrika wa bioinformatiki, yaani uchambuzi wa data ya kibiolojia kwa kompyuta, ulioanzishwa 2012 na kuongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town. Hayakuwa na ada. Mnakaa darasani pamoja, mnaangalia mihadhara iliyorekodiwa, mnafanya mazoezi, halafu mnaunganishwa na madarasa ya nchi nyingine za Afrika kwa maswali. Pale ndipo nilipoandika amri yangu ya kwanza kwenye skrini nyeusi. Baadaye nikapata ufadhili wa uzamili, na diski ile ya kabatini ikawa utafiti wangu. Skripti ya kuchambulia alinipa mtu aliyenitangulia, ambaye naye alikuwa amepewa na mwingine.

Sasa tuelezane hiyo Fws ni nini. Mtu mwenye malaria anaweza kuwa na vimelea vya ukoo mmoja, yaani vyote vimezaliana kutokana na kimelea kimoja na DNA yao inafanana. Anaweza pia kuwa na koo mbili, tatu, hata zaidi, kwa wakati mmoja. Fws hulinganisha utofauti wa vimelea ndani ya mgonjwa mmoja na utofauti wa vimelea vya eneo zima. Ikikaribia 1, mgonjwa ana ukoo mmoja. Ikishuka, kuna mchanganyiko. Watafiti wengi wamezoea kuweka mpaka kwenye 0.95 kwa sababu hesabu nyingi za jenetiki huwa nyepesi ukiwa na ukoo mmoja tu. Kusini-mashariki mwa Asia, ambako maambukizi ni machache, sampuli nyingi ni za ukoo mmoja, kwa hiyo ukikata kwenye 0.95 hupotezi nyingi. Muheza si Kambodia. Kwetu, katika msimu wa masika, mtu anaumwa na mbu wenye vimelea tena na tena, na mchanganyiko ndiyo hali ya kawaida. Mimi nilikuwa nimeuondoa ugonjwa kama ulivyo wilayani kwangu, nikabaki nikichambua wale wachache waliofanana na wagonjwa wa mahali pengine.

Jioni ile ya kukataliwa sikuyaona haya. Niliyaona wiki moja baadaye, nilipokwenda kituoni kulitazama daftari la 2017. Daftari halina majina. Lina namba, umri, kijiji, na idadi ya vimelea kwenye slaidi. Nilichapisha orodha ya sampuli zilizoondolewa na skripti, nikaiweka kando ya daftari, nikaanza kuweka alama kwa kalamu nyekundu. Kurasa ziligeuka nyekundu moja baada ya nyingine. Katikati ya ukurasa mmoja nikakuta mwandiko wangu: miaka 4, na pembeni nimeandika "amechomwa mara mbili", kwa sababu damu haikutosha mara ya kwanza. Mtoto yule nilimkumbuka. Alilia sana, na mama yake akamwambia avumilie ili watu wapate dawa nzuri. Namba yake ilikuwa kwenye orodha ya zilizotupwa. Nilifunga daftari, nikakaa kwa muda mrefu bila kuwasha taa.

Kuanzia hapo niliacha kuomba nafasi kwa karibu miaka mitatu. Watu walinishauri niendelee, kwamba maombi ni kama uvuvi, utatupa nyavu nyingi mwisho utapata. Sikukubali, na mpaka leo sikubali. Kabla ya usaili ule nilikuwa nimetuma barua pepe 11 kwa maprofesa wa nchi tano, zote zikiwa na maneno yale yale isipokuwa jina la juu. Nilieleza kwamba ninatoka familia ya wakulima, kwamba ndoto yangu ni kusoma nje, kwamba ninajituma na ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nilijibiwa na mmoja. Kila neno lilikuwa la kweli, lakini ndani yake hapakuwa na kitu kimoja ambacho mtu wa malaria angekishika akasema, hapa kuna jambo. Hata kama profesa angekuwa anafanya utafiti wa samaki, barua ingebaki ile ile.

Miaka ile mitatu nilifanya kazi yangu ya maabara mchana, usiku nikaipasua ile skripti mstari kwa mstari. Kila mstari nilijiuliza: huu unadhani nini kuhusu mgonjwa? Kama sikuweza kujibu kwa Kiswahili cha kawaida, sikuendelea na wa pili. Ilinichukua miezi. Mafunzo ya bure ya mtandaoni ya EMBL-EBI, kituo cha bioinformatiki kilichoko Hinxton karibu na Cambridge, yalinisaidia sana kwenye mambo ya msingi.

Kuna jambo moja huwaambia wenye kompyuta ya kawaida na bando la kuhesabu. Jenomu, yaani DNA yote, ya kimelea cha malaria *Plasmodium falciparum*, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza 2002, ina herufi kama milioni 23 kwenye kromosomu 14. Ya binadamu ina herufi kama bilioni 3. Maana yake ni kwamba data ya kimelea, ikiwa imeshachakatwa na kubaki orodha ya mahali penye tofauti, unaweza kuichambua kwenye kompyuta mpakato ya mtumba, kromosomu moja moja. MalariaGEN, mtandao wa watafiti wa jenetiki ya malaria, umeweka wazi data hizo, na toleo lao la 2023 lina sampuli zaidi ya 20,000 kutoka nchi 33, Tanzania ikiwemo. Nilikuwa napakua kwa bando la usiku, naweka kengele ya saa nane, naamka kuangalia kama limefika. Usisubiri seva ya chuo ili uanze.

Nikiwa kwenye data hiyo ndipo swali langu lilipojitengeneza. Mgonjwa mwenye koo mbili anaweza kuwa amezipata kwa njia mbili. Aliumwa na mbu mmoja, kisha na mwingine, kila mmoja akaleta ukoo wake. Au aliumwa na mbu mmoja tu aliyekuwa amebeba koo zaidi ya moja. Vimelea hupandana ndani ya mbu, kwa hiyo koo zinazoletwa pamoja na mbu mmoja mara nyingi huwa ni ndugu: DNA yao inashirikiana vipande virefu. Zilizoletwa na mbu tofauti kwa kawaida hazina undugu wa karibu. Kwa hiyo ndani ya sampuli iliyochanganyika, ile ile niliyokuwa natupa, kuna habari za mbu waliomuuma mtu yule. Na kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2020 watafiti waliripoti Rwanda vimelea vyenye badiliko la R561H kwenye jeni ya kelch13, linalohusiana na usugu dhidi ya artemisinini, dawa muhimu ya malaria, na baadaye badiliko hilo likaonekana Kagera kwetu. Usugu unaweza kuanza ukiwa kwenye ukoo mdogo uliojificha nyuma ya ukoo mkubwa ndani ya mgonjwa yule yule. Ukitupa michanganyiko, unaweza kuwa unautupa usugu wenyewe ukiwa bado mchanga.

Novemba 2023 nikaona tangazo la kundi moja la Ujerumani linalotengeneza mbinu za hesabu za kutenganisha koo zilizochanganyika. Nilisoma makala zao nne, mbili nikazielewa vizuri, moja nikaielewa nusu. Barua yangu ilikuwa nusu ukurasa. Ilianza hivi: "Mwaka 2017 nilichukua damu ya mtoto wa miaka 4 Muheza. Mwaka 2020 niliitupa sampuli yake kwa sababu ya mstari mmoja wa skripti. Ninataka kujua kama aliumwa na mbu mmoja au wawili." Halafu nikaeleza nilichojaribu kwa data ya wazi, mahali mbinu yao ilipofanya kazi nilipoirudia, na mahali ilipoyumba mikononi mwangu. Nikaweka kiungo cha GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikishana programu, chenye skripti zangu na maelezo ya namna ya kuziendesha. Sikuandika neno ndoto. Jibu la kwanza lilikuja baada ya siku tatu: profesa alitaka kujua zaidi kuhusu mahali ilipoyumba.

Hapo kuna makaratasi, na makaratasi yana mitego yake. Nilikuwa na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.6, daraja la pili la juu kwetu, na kwenye wasifu wa 2020 niliandika "GPA 3.6" tu. Ujerumani alama bora ni 1.0 na 4.0 ndiyo ya kufaulia kwa shida. Mtu asiyejua mfumo wetu akiona 3.6 anadhani uliponea chupuchupu. Andika "3.6 kati ya 5.0, ambapo 5.0 ndiyo ya juu", na taja daraja. Mtihani wa Kiingereza nao nilishaufanya 2020, na ada yake aliilipa mama kwa pesa ya machungwa ya msimu mzima. Kundi la 2023 halikuuhitaji: lilikubali barua ya chuo inayosema masomo yangu yaliendeshwa kwa Kiingereza. Uliza kwanza kabla ya kulipa. Wanaowaza Marekani wajue kwamba vyuo vingi kule hutoza ada ya maombi, lakini vingi pia vina utaratibu wa kuisamehe ukiomba mapema, na unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Ujerumani kwa kawaida wanataka uwe na uzamili.

Barua za mapendekezo ndizo zinazosumbua zaidi, na sitazipita kwa haraka. Mara ya kwanza nilimwomba mhadhiri mmoja siku nne kabla ya mwisho. Aliandika aya moja: nilihudhuria vipindi, nina nidhamu, ananipendekeza. Simlaumu, alikuwa na wanafunzi mia na zaidi, nami sikumkumbusha kitu. Mara ya pili nilikwenda kwa mkuu wangu wa maabara, mzee anayekaribia kustaafu, wiki sita kabla. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia, "Dokta, naomba uniandikie, lakini naomba pia nikukumbushe tuliyoyafanya pamoja." Nilikuwa nimeandika karatasi moja: kazi nilizofanya, makosa niliyoyagundua, tarehe. Akaisoma taratibu, akaniuliza, "Ule usiku wa jokofu umeusahau?" Kweli nilikuwa nimeusahau. Jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri lilizimika Jumamosi moja, jenereta ikagoma, nikazunguka Tanga nzima kutafuta barafu kavu, nikaikosa. Nikahamisha maboksi usiku kucha kwenda kwenye jokofu la jirani, huku nikiandika kila boksi limetoka lini na limeingia lini. "Hilo nitaliandika," akasema. "Mtu anayeandika saa za kila boksi saa tisa ya usiku, huyo data yake naiamini." Baadaye nilikuja kujua kwamba kwenye jopo walilizungumza sana jambo hilo, kuliko GPA.

Usaili wa pili ulikuwa Januari 2024. Safari hii sikukaa chumbani kwa mama. Binamu yangu alinipa chumba ofisini kwake Tanga, penye jenereta. Niliwasilisha kwa dakika 20. Slaidi ya tatu ilikuwa ni ile ya kutupa sampuli, nikaiweka makusudi na idadi yake, na nikaeleza kwa nini leo nisingeikata hivyo. Halafu profesa akasema, "Tuchukue mfano. Mgonjwa ana koo mbili, moja ni asilimia 70 ya vimelea, nyingine 30. Utaona nini kwenye data?"

Nikajibu kwamba mahali ambapo koo mbili zinafanana, vipande vyote vya DNA vitakubaliana. Mahali zinapotofautiana, vipande vitagawanyika karibu 70 kwa 30, na mgawanyo huo ndio unaonisaidia: herufi zilizo kwenye fungu la 70 nitazipa ukoo mkubwa, za fungu la 30 nitazipa mdogo, na hivyo nitazisoma koo zote mbili zikiwa zimetenganishwa.

"Na zikiwa 50 kwa 50?"

Nikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu, na mwaka 2020 ningekijaza kwa maneno yoyote. Safari hii nikasema, "Naomba niwaze kwa sauti." Nikasema mgawanyo hautanisaidia tena, maana kila mahali penye tofauti nitaona nusu kwa nusu na sitajua herufi ipi ni ya nani. Tofauti mbili zilizo kwenye kipande kimoja cha DNA zingenisaidia, lakini vipande tunavyosoma ni vifupi, herufi kama 150, kwa hiyo nitaunganisha maeneo yaliyo jirani tu. Labda nikiwa na maktaba ya koo zinazojulikana za eneo lile, naweza kuuliza ni jozi ipi ya koo inayoelekea zaidi kutoa mchanganyiko huu. "Lakini," nikasema, "kama maktaba ni ya Asia na mgonjwa ni wa Muheza, nitakosea tena kosa lile lile." Profesa akacheka kwa furaha, akamgeukia mwenzake wakasemezana kwa Kijerumani. Sikuelewa neno, lakini nilijua tumeanza kufanya kazi.

Baada ya hapo walinipa saa nzima na wanafunzi wao wa uzamivu, bila profesa. Usiichukulie saa hiyo kama mapumziko. Niliuliza: mnakutana naye mara ngapi? Fedha za mradi zinaisha lini, na zikiisha kabla ya mtu kumaliza inakuwaje? Nani aliondoka kabla ya kumaliza? Mmoja alinijibu bila kuzunguka kwamba profesa ni mzuri lakini husafiri sana, na kwamba ukinyamaza unasahaulika. Jibu lile limenifaa kuliko kitu chochote nilichosoma kwenye tovuti yao.

Mkataba ulikuja Machi. Kwa wasiojua, nafasi nyingi za uzamivu Ujerumani katika fani hii ni ajira, si udhamini wa masomo: unalipwa sehemu ya mshahara wa ngazi ya E13, yangu ni asilimia 65, unakatwa kodi na bima, na huna ada kubwa ya masomo ya kulipa. Viza niliishughulikia Dar es Salaam, kwenye ubalozi wa Ujerumani, Umoja House. Wenye mkataba wa kazi hawahitaji ile akaunti ya fedha zilizozuiwa ambayo wanafunzi wa kawaida hudaiwa, na hilo peke yake liliniondolea mzigo ambao familia yangu isingeubeba. Mama alikuja kuniaga kituo cha basi na mfuko wa machungwa. Nilimwambia hayataruhusiwa kuingia Ulaya. Akasema, "Basi kula njiani mpaka Dar, mwanangu." Nikayala yote.

Nimebakiza jambo moja, nalo nawasihi mlisikie. Kwenye barua yangu sikuahidi kuwapelekea Wajerumani data ya Muheza. Watu wanadhani data ya nyumbani ni mtaji wa kwenda nao, na kuna waombaji wanaoitaja kana kwamba ni yao. Damu ile ilitolewa kwa ridhaa ya kazi fulani, na data kuvuka mpaka kuna kibali cha maadili na makubaliano ya kuhamisha data, ambayo kwetu hupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Niliandika kwamba nitaanza na data ya wazi, na ile ya kwetu tutaiomba kwa njia yake, na kituo changu kiwe mshirika mwenye jina kwenye kazi. Profesa alikubali kwa maandishi. Mkuu wangu wa maabara aliisoma ile barua mara mbili kabla ya kuikunja na kuiweka mfukoni.

Kibali kilitoka baada ya miezi mingi. Asubuhi kilipofika nilikuwa ofisini, nje theluji, chai yangu ya tangawizi mezani. Nilifungua skripti ya zamani, nikaufuta mstari wa 0.95, nikaendesha uchambuzi mpya juu ya sampuli zote za 2017. Ulichukua siku mbili. Matokeo yalipotoka nilitafuta namba ya mtoto yule kwanza, kabla ya kuangalia jumla. Alikuwa na koo mbili, na kwa kadiri hesabu yetu inavyoonyesha, zilikuwa ndugu. Inaelekea aliumwa na mbu mmoja.